Kesi Haimngoji Hakimu Peke Yake

Kila wanapoapishwa mahakimu wapya na kuonyeshwa kwenye taarifa ya habari, mmoja kashika Biblia, mwingine Kurani, majirani huniuliza swali lile lile: "Mama karani, sasa kesi ya mwanetu si itakwisha?" Nilistaafu zamani, lakini mtaani cheo hakistaafu. Nilikuwa karani wa mahakama. Nilianzia mahakama ya mwanzo, nikamalizia mahakama ya wilaya, na maisha yangu yote ya kazi yamepita katikati ya rejista, majalada na kamba za kufungia majalada. Jibu langu huwa haliwafurahishi, kwa sababu nami huwauliza: hiyo kesi inamngoja nani?

Kesi ya jinai hungoja watu wengi. Hungoja hakimu, hilo kweli. Lakini hungoja pia mpelelezi, mwendesha mashtaka, daktari aliyejaza fomu ya polisi ya PF3, taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, shahidi aliyehamia Tunduma na namba yake ya simu haipatikani, gari la magereza, na mara nyingine saini ya mkubwa aliye Dodoma. Ukiajiri hakimu umefupisha foleni moja kati ya hizo. Zile nyingine ziko pale pale.

Nianze na huyo hakimu mwenyewe, kwa kuwa wengi hawajui anatoka wapi. Hateuliwi na mkuu wa wilaya wala na mbunge. Katiba imeiweka kazi hiyo mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Ndani yake wamo Jaji Kiongozi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, jaji mmoja wa Mahakama ya Rufani na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Tume hutangaza nafasi, huita watu kwenye usaili, huajiri. Ila Tume haina mfuko wake wa mishahara. Lazima kwanza kipatikane kibali cha ajira na fungu la fedha, kama ilivyo kwa walimu na wauguzi. Ndiyo maana unaweza kusikia Mahakama ikilia kwamba mahakimu hawatoshi wakati huo huo vijana wenye shahada ya sheria wamejaa mjini wakiandikia watu mikataba ya kupanga nyumba.

Nilipoingia kazini, hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa mtu wa cheti, na wengi niliowakuta walikuwa wamesomea Mzumbe. Baadaye kikaja Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, kikawa ndicho kinachowaandaa kwa stashahada. Siku hizi hakimu huja na shahada, na kabla ya kuajiriwa amepita kwenye mafunzo ya sheria kwa vitendo. Wenye umri wangu hupenda kusema wale wa cheti walijua watu kuliko hawa wa shahada. Mimi nimewaandikia wote majalada, na sioni hivyo. Wale wa zamani walikuwa wepesi wa kuamua, na walikuwa wepesi pia wa kukosea, na kila kosa lilirudi kwetu kwa njia ya rufaa likiwa kesi mpya.

Sasa nikupeleke mahakamani asubuhi. Mahakama yetu ya wilaya sitaitaja, maana baadhi ya niliofanya nao kazi bado wapo. Jioni ya jana yake nilibandika ukutani orodha ya mashauri. Kwa hakimu mmoja yalifika 40 na kuzidi. Mgeni akiiona orodha hiyo hudhani hakimu huyo atazimia kabla ya adhuhuri. Lakini tazama safu ya mwisho kulia. Zaidi ya nusu ya mashauri yameandikwa "kutajwa", na machache tu yameandikwa "kusikilizwa". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo siri ya mlundikano mzima, na ni watu wachache mno nje ya mahakama wanaoijua.

Kesi ya kutajwa inakwenda hivi. Karani anaita jina. Mahabusu aliyeletwa na karandinga anasimama. Mwendesha mashtaka anainuka: "Mheshimiwa, upelelezi wa shauri hili haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anaandika mistari miwili, anataja tarehe ya wiki mbili mbele, mshtakiwa anarudi kukaa sakafuni. Imekwisha. Dakika mbili, tatu akiwapo mama wa mshtakiwa anayetaka kuuliza jambo kutoka nyuma na askari akamtuliza. Nimemsikia mwendesha mashtaka akisema sentensi hiyo kwa kesi moja mpaka mshtakiwa mwenyewe akawa anaimalizia kwa sauti ya chini.

Kesi ya kusikilizwa ni kazi ya namna nyingine. Shahidi anapanda kizimbani, anaapa, anaanza kueleza, na hakimu anaandika. Anaandika kwa mkono, karibu kila neno, maana hayo anayoandika ndiyo mwenendo wa kesi, na ndiyo majaji wa rufaa watakayoyasoma siku moja. Kwa miaka mingi, katika mahakama ya wilaya, shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza, akitafsiri kichwani huku shahidi anaendelea. "Ngoja, ngoja, mama, taratibu." Mara ngapi nimeyasikia maneno hayo! Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote badala ya mahakama za mwanzo peke yake, na siku hizi kuna mahakama zenye mfumo wa kompyuta unaonukuu maneno yakisemwa. Palipofika mambo hayo, hakimu yule yule, na mshahara wake ule ule, anaweza kumaliza mashahidi zaidi kwa siku. Sijui kwa nini jambo hili halisherehekewi kama zinavyosherehekewa hafla za kuapisha.

Basi mwaka mmoja tukaletewa hakimu mpya. Tulifurahi, tukampa ofisi iliyokuwa stoo ya vielelezo. Mashauri yakagawanywa, haya yako, haya ya mwenzako. Orodha ukutani zikawa mbili fupi badala ya moja ndefu, na kesi za kutajwa zikawa zinatajwa haraka zaidi. Kufika saa nne asubuhi mahakimu wote wawili walikuwa wamemaliza kuahirisha. Waliokuwa mahabusu kwa sababu ya upelelezi wakabaki mahabusu kwa sababu ya upelelezi. Zilizopona ni zile ambazo mashahidi walikuwa tayari na zilikosa tu siku ya kusikilizwa. Hizo zilikwenda mbio kweli, na haki yake nampa. Lakini hazikuwa nyingi kama tulivyodhani.

Hata ukumbi ulikuwa mmoja. Hakimu mmoja akiwa mle ndani, mwenzake husikiliza kesi ofisini kwake. Mshtakiwa, wakili, shahidi, askari na karani wote wanabanana mbele ya meza moja, na ndugu wa mshtakiwa wanasikilizia dirishani. Ndiyo maana nilipoona mwaka 2021 vimefunguliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki katika Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro, Kinondoni na Temeke, vyenye ngazi kadhaa za mahakama chini ya paa moja, niliwahesabia mahakimu vyumba kabla ya kusoma kitu kingine. Hakimu asiye na chumba, karani na karatasi ni mshahara unaolipwa bure.

Mahakama yenyewe ina kipimo chake cha mlundikano, na si kwa kukisia. Shauri la mahakama ya mwanzo likizidi miezi 6, la mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi likizidi miezi 12, na la Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani likizidi miezi 24, hilo limeingia kwenye mlundikano na mtu ataulizwa. Enzi za Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman ikaongezwa na idadi: jaji amalize mashauri 220 kwa mwaka, hakimu mkazi na wa wilaya 250, hakimu wa mahakama ya mwanzo 260. Mpango huo ulisaidia, sikatai. Niliona mahakimu waliokuwa wakiingia saa nne wakianza kuingia saa mbili. Lakini kwenye taarifa ya mwezi, kijana aliyekutwa na kete mbili za bangi akakiri asubuhi ile ile ni shauri moja, na unyang'anyi wa kutumia silaha wenye mashahidi kumi na adhabu ya miaka 30 nao ni shauri moja. Binadamu ni binadamu. Kuna majalada mazito niliyoyaona yakishuka chini ya rundo kila mwisho wa mwezi ulipokaribia.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawajawahi kuelezwa. Uteuzi huzaa uhamisho. Akiingia hakimu mpya, mwingine hupandishwa, mwingine hupelekwa wilaya isiyo na mtu, na kila anayeondoka huacha nyuma yake kesi zilizosikilizwa nusu. Shahidi wa kwanza, wa pili na wa tatu wamekwisha kusema, yupo wa nne njiani, na aliyewasikia wale watatu amepanda basi la Songea. Sheria yetu inamruhusu hakimu anayepokea kuendelea na ushahidi ulioandikwa na mwenzake. Ila lazima sababu ya kubadilisha hakimu iandikwe kwenye jalada, na Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mienendo ya kesi kadhaa kwa sababu sababu hiyo haikuandikwa. Hebu fikiria: mtu amehukumiwa, amekata rufaa, miaka imepita, kisha kesi inarudi kuanza upya kwa ajili ya mstari mmoja ambao haukuandikwa siku ya makabidhiano. Kenya wao wana sharti kali zaidi hapo. Sheria yao inamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kudai mashahidi waitwe tena. Mshtakiwa akidai, na akikubaliwa, mama aliyekwisha kueleza mbele ya watu jinsi alivyovamiwa atapanda kizimbani kueleza mara ya pili.

Ningekuwa na sauti kwenye Tume, ningeomba kwanza kwamba hakuna hakimu anayehamishwa kabla hajamaliza kesi alizozifikisha nusu. Hilo halihitaji kibali cha ajira.

Turudi kwenye ile sentensi ya upelelezi. Kwa miaka mingi mfumo wetu ulimfikisha mtu mahakamani kwanza, ndipo ushahidi dhidi yake ukatafutwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliweka siku 60 za kuahirisha kesi ambayo upelelezi haujakamilika, zaidi ya hapo zihitajike hati za wakuu wa upelelezi na wa mashtaka, na makosa makubwa yakatengwa nje ya ukomo huo. Kwenye karatasi ilikuwa kinga nzuri. Mahakamani nimeona siku 60 zikitimia, hakimu akamwachia mtu, na askari akamkamata tena kabla hajashuka ngazi. Siku ya pili yuko mbele ya hakimu yule yule na namba mpya ya kesi. Kwenye rejista yangu hiyo ni kesi moja iliyomalizika na kesi moja mpya iliyofunguliwa. Takwimu zimependeza, mtu yuko ndani.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha mabadiliko: kesi isifunguliwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, isipokuwa kwa makosa makubwa. Mwaka uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan akaunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, akampa Jaji Mkuu mstaafu Othman aiongoze, nayo ikakabidhi ripoti Julai 2023. Kwa maoni yangu mabadiliko yale ya 2022 yanaweza kupunguza orodha ya kutajwa kuliko uteuzi wowote wa mahakimu niliowahi kuushuhudia. Hofu yangu ni kwamba foleni iliyokuwa mahakamani, ambako angalau inasomwa kwa sauti mbele ya watu kila baada ya wiki mbili, isihamie kituo cha polisi ambako hakuna anayebandika orodha ukutani.

Nije kwenye kesi za mauaji, maana hapo ndipo uteuzi wa mahakimu una nguvu ambayo watu hawaijui. Mtu akishtakiwa kwa kuua, huletwa kwanza kwa hakimu wa mahakama ya chini. Hakimu anamsomea shitaka, kisha anamwambia maneno ambayo kila karani anayajua kwa moyo: hutakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri hili. Ndugu zake waliojaa mabenchi ya nyuma hutazamana. Amekana? Amekubali? Hakuna lililotokea. Kesi hiyo inamngoja jaji wa Mahakama Kuu, na mpaka upelelezi ukamilike na jalada lipande juu, itakuwa inatajwa tu. Hata ikifika huko, majaji ni wachache na hukaa kwa vikao vinavyohitaji fungu la fedha, posho za mashahidi na magari. Dhamana katika kosa la mauaji haipo. Ninawafahamu waliokaa hivyo miaka, na wengine mwishowe wakaachiwa huru.

Hapa mfumo ukabuni njia. Sheria inaruhusu hakimu mkazi mwenye uzoefu apewe mamlaka ya nyongeza, kwa amri inayotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, asikilize makosa ambayo kwa kawaida ni ya Mahakama Kuu. Mahakama Kuu ikiisha kuhamishia kesi kwake, anakaa kama jaji. Anaweza kutoa adhabu ambayo jaji angeitoa, hata ile ya kunyongwa, ingawa nchini mwetu hukumu hiyo haijatekelezwa tangu 1994. Na asiyeridhika na uamuzi wake hakati rufaa Mahakama Kuu. Anakwenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani.

Mimi nilikuwa na mashaka nalo jambo hili, nikiona kama hakimu anavishwa joho ambalo si lake. Kilichonigeuza ni kusikia kesi ya mauaji ikisikilizwa mfululizo, shahidi baada ya shahidi, mjini kwetu, bila kungoja jaji asafiri. Mashahidi walitoka vijijini kwa baiskeli na bodaboda, wakarudi makwao siku ile ile. Lakini njia hii ina mtego wake. Amri ya kuhamisha kesi isipokuwamo kwenye jalada, mwenendo mzima unaweza kufutwa juu. Hakimu wa aina hii hahitaji akili ya sheria tu. Anahitaji karani makini. Nasema hivyo nikijua nani anasema.

Kwa kesi za uhujumu uchumi kuna lango jingine: mahakama ya chini haiwezi kuzisikiliza bila ridhaa na hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Hapo unaweza kuwa na mahakimu kumi wamekaa, na kesi inangoja karatasi moja.

Mahali ambapo ningewapeleka mahakimu wapya wote, bila kufikiri mara mbili, ni mahakama za mwanzo. Hizi ni watoto wa uhuru. Sheria ya mwaka 1963 ndiyo iliyoondoa mahakama za wenyeji za zama za mkoloni, zile zilizokuwa chini ya maliwali na watemi, ikaziunganisha na Mahakama ya nchi. Huko hakuna kungoja upelelezi wa miezi. Jirani kampiga jirani, kuku kaibwa, mtu katukanwa sokoni. Mlalamikaji mwenyewe huleta mashahidi wake kwa miguu, kesi huzungumzwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na kifungo kwa kawaida hakizidi miezi 12. Wakati wangu hakimu alikaa na wazee wa baraza wawili na uamuzi ulikuwa wa kura. Wazee wakiwa upande mmoja, hakimu alishindwa, na nimeona hakimu kijana akinuna siku nzima kwa kushindwa na mzee wa kofia ya kufuma.

Katika mahakama hizo kesi kweli inamngoja hakimu. Nimefanya kazi mahali ambapo hakimu mmoja alihudumia mahakama mbili: Jumatatu na Jumanne kwetu, Jumatano na Alhamisi ng'ambo ya mto, Ijumaa kuandika hukumu. Mvua za masika zikinyesha, ng'ambo hapafikiki. Watu wa kule walikuwa na hakimu wa kiangazi. Akipelekwa mtu wa kudumu mahali kama pale, kesi za wiki mbili huisha kwa wiki mbili, na ugomvi mdogo haukui ukawa wa mapanga. Hili nimeliona, sikuhadithiwa. Lakini picha za uapisho hazipigwi kwa ajili ya ng'ambo ya mto, na hakimu kijana akipangiwa huko hupata barua ya kuomba uhamisho imekwisha kuandikwa na mkewe.

Ni vizuri pia kutazama wengine walivyojaribu, na Uingereza ni darasa zuri kwa sababu hawakuongeza mahakimu wenye shahada. Kule England na Wales, kesi nyingi za jinai, zaidi ya asilimia 90, huamuliwa na mahakimu ambao ni raia wa kawaida: mwalimu, fundi, mama mwenye duka. Hawalipwi mshahara, hukaa watatu watatu, hupewa mafunzo, na pembeni yao yuko mwanasheria wa kuwaeleza sheria inasemaje. Anayekubaliwa lazima aweze kukaa mahakamani walau siku 13 kwa mwaka. Baada ya Uviko, mlundikano ulipozidi katika mahakama zao za juu, serikali ilianza kampeni ya kutafuta watu wapya, ikaongeza umri wa kustaafu kutoka miaka 70 hadi 75, na Mei 2022 ikawapa mahakimu hao mamlaka ya kufunga mtu hadi miezi 12 kwa kosa moja badala ya 6, ili kesi nyingi zaidi ziishie chini. Haukupita mwaka. Machi 2023 mamlaka hayo yakarudishwa miezi 6, kwa sababu magereza yalikuwa yanajaa. Novemba 2024 yakapandishwa tena. Waliharakisha mlango wa mahakama wakakuta mlango wa gereza ni mwembamba.

Nikiwa karani sikuwahi kufikiria gereza kama sehemu ya foleni. Kwetu gereza lilikuwa ni karandinga tu, limekuja au halikuja. Siku ambazo halikuja, kwa kukosa mafuta au kwa ubovu, hakimu alikuwapo, mashahidi walikuwapo na nauli wametumia, wakili amevaa suti yake, na mshtakiwa hayupo. Nikaandika kwenye jalada sababu ya kuahirisha, nikawatangazia mashahidi tarehe nyingine, nao wakaniangalia mimi kana kwamba gari ni langu. Shahidi akifanyiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu haji. Na asipokuja, kesi ya watu kumi inaanguka, na mtaani wanasema hakimu kala rushwa.

Kwa hiyo mwenye ndugu mwenye kesi, na aliyesikia wameapishwa wapya, asikimbilie kwa hakimu. Aende dirisha la karani akiwa na namba ya kesi. Aulize kwanza tarehe inayokuja ni ya kutajwa au ya kusikilizwa. Ikiwa ya kutajwa, aulize kinachongojwa ni nini hasa: taarifa ya Mkemia, PF3, shahidi, au jalada la polisi ambalo bado liko kwa mpelelezi au limeshafika kwa Wakili wa Serikali. Majibu hayo ndiyo yatakayomwambia aende ofisi gani, na mara nyingi si ofisi ya hakimu. Ikiwa hakimu wa kesi amehama, aulize makabidhiano yameandikwa lini na nani kapokea. Na ikiwa ni kesi ya mauaji, aulize kama imehamishiwa kwa hakimu mwenye mamlaka ya nyongeza. Amri hiyo kama ipo imo ndani ya jalada, na karani anapaswa kumweleza bila kumdai hata shilingi ya chai.